Hatua Tatu Kabla ya Gogo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama. Natumaini barua hii inawakuta salama, na kwamba kile kikohozi cha asubuhi kimeanza kukuachia. Mama mwambie nayaulizia magoti yake, na asiniambie yamepona, maana mdogo wangu ameshanitonya kwamba bado anashuka ngazi kinyumenyume kama mtu anayeingia kisimani. Mimi huku mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini nafika kabla ya wenzangu. Kinachonisumbua si mwili, na ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Najua utashangaa kuletewa barua na simu ipo. Usikasirike nikisema ukweli: kwenye simu wewe unanijibu kabla sijamaliza, nami najikuta nimekubali jambo ambalo sikuwa hata nimelieleza. Karatasi haimkatizi mtu. Na haya niliyo nayo yamefungamana vibaya; nikivuta huku, kule kunakaza. Nitayasema kama yalivyofuatana, pengine wewe utaona mwanzo wake uko wapi, maana mimi nimeshindwa.

Unamkumbuka Karani, yule farasi wa kahawia mwenye soksi moja nyeupe mguu wa nyuma, ambaye nilikutumia picha yake. Jina tulimpa sisi watu wa zizini kwa sababu hasaini kitu kabla hajakisoma. Ndoo mpya lazima ainuse, koti likitundikwa mlangoni lazima alikague pande zote mbili, ndipo apite. Lakini akishakubali amekubali. Kwa miaka miwili nilimpanda kwenye mashindano ya kuruka vizuizi vya porini, akaruka magogo, kuta za mawe, vidimbwi vya maji, vyote bila maswali. Tajiri wetu, ambaye husalimia farasi kwanza na watu baadaye, alikuwa akisema huyo ndiye atakayelitoa zizi letu kimasomaso.

Mashindano ya mwezi wa tatu unayajua, nilikusimulia jioni ileile. Nilikwambia tulivuka vizuizi sita vizuri, tukafika cha saba, gogo nene lililolazwa juu ya handaki, Karani akagoma ghafla, nikapita juu ya shingo yake nikaangukia mtaroni, mdomo ukajaa udongo. Yeye alichubuka magoti. Tukatolewa. Ulinijibu kwa sauti ile uliyotumia tangu nikiwa na miaka saba: farasi akigoma mara moja ukamwachia, atagoma maisha yake yote, kwa hiyo nichukue fimbo nimkumbushe nani anaamua. Nikakubali, nikakwambia nilishamchapa palepale.

Basi, Baba, tangu siku ile Karani aliharibika. Si handaki tu. Hata gogo la kunifika gotini, ambalo mbuzi angeliruka akitafuna, alikuwa akilifikia anakita miguu, anainua kichwa, mwili unatetemeka kama injini inayokataa kuwaka. Tajiri alitazama kwa wiki tatu. Wiki ya nne alikuja akasimama kwenye mlango wa stoo ya matandiko, akasema kwamba farasi wa kuruka asiyeruka hana kazi hapa, na kwamba mwenye mikokoteni ya mchanga anatafuta mnyama mwenye nguvu. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Nimewahi kuwaona farasi wa yule mtu wa mchanga. Mabega yao yana vidonda vilivyokaa mpaka vikageuka kuwa ngozi.

Nilianza upya kana kwamba Karani hajawahi kuruka maishani mwake. Nililaza mti mmoja mwembamba chini nikamvusha nikiwa nimemshika kamba tu, simpandi. Kesho yake ikawa miti mitatu. Kisha nikampanda, tukavuka mwendo wa kutembea. Nilimfunga mkanda wa ngozi shingoni, ule anaoushika mpandaji wakati wa kuruka ili asimvute farasi mdomo kwa hatamu. Handaki nilimchimbia la kwake, jembamba, upana wa hatua yangu moja, nikalipanua kidogokidogo kila wiki kwa jembe. Nilijiwekea masharti: hakuna kizuizi kinachopanda mpaka awe amekivuka mara tatu bila kusita, na tukimaliza vizuri tunaacha hapohapo, hata kama ni dakika kumi tu, arudi bandani na kumbukumbu nzuri.

Mbele yake nilimtanguliza Bibi. Huyo ni jike mzee wa kijivu, ana miaka ishirini na miwili, naye sasa huruka gogo kama mtu anayevuka kizingiti cha jiko lake mwenyewe. Mwenzangu mmoja alimpanda Bibi, mimi nikafuata na Karani. Farasi akimwona mwenzake ametangulia na hajaliwa, moyo unampanda.

Na kweli ulipanda. Ila hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Jumatatu ataruka gogo la gotini mara tatu, masikio mbele, raha tupu. Jumanne, gogo lilelile, mahali palepale, anakita miguu. Jumatano haruki hata mti uliolala chini. Alhamisi anaruka vyote. Nilimwita daktari wa mifugo, akampapasa mgongo, akamwangalia macho na meno, akamkunja kila mguu, akasema huyu ni mzima kuliko mimi na wewe. Fundi wa matandiko akatoa tandiko, akaligeuza, akalipiga kwa ngumi, akasema halina neno. Fundi wa kwato naye vilevile. Nikaanza kuandika kwenye daftari: siku ya jua, siku ya mawingu, kivuli kimeangukia wapi, upepo unatoka upande gani. Nikabadili hata shati. Kuna wiki nzima nilivaa shati la kijani kwa sababu Jumatatu ile ya raha nilikuwa nimelivaa. Wenzangu walinicheka, na walikuwa na haki.

Sasa nikujulishe mtu mmoja ambaye bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Ni mwanafunzi wangu wa Jumamosi, mkunga wa hospitali, ana miaka hamsini na minne, mfupi, mnene kiasi, akicheka hucheka kwa mabega. Alianza kujifunza kupanda farasi mtoto wake wa mwisho alipohama nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini ameamua jambo hili katika umri huo, alisema ameangalia woga wa watu wengine miaka thelathini, akaona na yeye apate wake. Na aliupata kweli. Mwezi wake wa kwanza, mwendo wa kutembea tu ulimtoa jasho. Alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua, wimbo usio na maneno, tangu anapanda mpaka anashuka. Kila tukikaribia kitu huniuliza, Mwalimu, tukifika pale nifanye nini, nami humjibu kama ulivyonifundisha wewe: tazama mti ulio ng'ambo ya gogo, usilitazame gogo, shika mkanda wa shingo, toa pumzi, mwachie farasi kazi yake.

Mwishoni mwa mwezi wa tano farasi aliyemzoea alianza kuchechemea. Hakukuwa na mwingine mpole aliyebaki, nikampa Karani, kwa masharti kwamba ni kutembea tu, na gogo lolote alizunguke. Wakapendana. Karani alimkagua kofia, akamkagua mifuko, akamkagua viatu, yeye akasimama kimya akakaguliwa mpaka mwisho. Sisi wengine hatuna subira hiyo.

Jumamosi ya pili tulitoka kwenda uwandani, mimi mbele juu ya Bibi, wao nyuma. Tulikuwa katika shoti ndogo, mbio za wastani. Nilimwambia mkunga kwamba mimi nitaruka gogo la chini, yeye apite kulia. Nikaruka. Nyuma yangu nikasikia ule wimbo wa puani unaendelea, kwato zinaendelea, halafu kwato zikanyamaza kidogo. Nikageuka. Karani alikuwa hewani. Mkunga ameng'ang'ania mkanda wa shingo, macho yamemtoka, bado anaimba. Wakatua. Akaniomba radhi huku anacheka kwa mabega, akasema yeye alikuwa anakwenda kulia kama alivyoambiwa, mwenzake ndiye aliyeamua.

Nilisema ni kwa sababu Bibi alitangulia. Jumamosi iliyofuata nikamwacha Bibi bandani. Akaruka. Nikamwonyesha gogo la pili, kubwa zaidi. Akaruka. Nikasema tujaribu handaki, nikitumaini, Baba, na hili nalisema kwa aibu, nikitumaini atagoma. Akalivuka kama mtu anayeruka dimbwi la maji ya mvua asichafue viatu.

Nilitakiwa kufurahi, sivyo? Ndicho nilichokuwa nikikihangaikia wiki zote zile, farasi apone asiende kwenye mchanga. Nilimwambia mkunga ana bahati, nikaenda stoo kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sijui ilikuwa wivu, sijui ilikuwa hofu. Jumatatu nilimpanda mwenyewe, gogo lilelile la chini. Akakita miguu. Nikachukua fimbo. Nilimchapa kama ulivyosema, naye hakukimbia wala hakuruka, alisimama tu akatetemeka, jicho limenigeukia. Siku hizohizo Tajiri akauliza maendeleo. Nilimjibu kwamba wageni anawabeba vizuri, mimi ananijaribu. Akasema zimebaki siku kumi.

Yaliyofuata yalitokea kwenye sakafu ya saruji tunapooshea farasi. Mkunga alikuwa ameniona nikijaribu tena asubuhi ile, kabla ya somo lake. Alikuwa amemshika Karani kamba, mimi namwagia miguu maji. Siku zote huniita Mwalimu. Siku hiyo hakuniita hivyo.

"Mwanangu," alisema, "naomba nikwambie kitu, na ukitaka kunifukuza unifukuze. Ukibakiza hatua tatu kulifikia gogo, unaacha kupumua. Mabega yanapanda, mikono inarudi tumboni. Nimewaona wanawake wengi wakifanya hivyo. Mtoto hatoki, na farasi haruki."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nilianza kupanda farasi kabla sijajua kuandika, na kwamba mwanafunzi wa Jumamosi aangalie visigino vyake, ambavyo mpaka leo vinapanda juu. Alisema sawa. Alimpiga Karani shingoni kwa kiganja, akamuaga yeye, mimi hakuniaga.

Nilidhani hatarudi. Alirudi Jumamosi iliyofuata saa yake ileile, akafanya somo lake, akaruka magogo mawili, akaondoka. Mvua ya usiku ilikuwa imeulainisha mchanga ulio mbele ya gogo, nao ulikuwa umechukua alama zote za kwato kama unga. Nilitaka kuusawazisha kwa reki kama tufanyavyo kila mara, nikasita. Nikampanda Karani, nikaenda gogo hilohilo, kando tu ya njia aliyopita yeye. Akagoma. Nikashuka, nikaangalia chini.

Alama za mkunga zilinyooka. Hatua sawa, sawa, sawa, halafu mashimo mawili ya nguvu mahali aliporukia. Alama zangu zilikuwa pacha wa zile, mpaka zilipobaki hatua tatu. Hapo zikafupika. Kisha zikapinda kushoto. Kisha mchanga umekwanguliwa pale alipokita miguu. Nilipiga magoti nikazipima kwa ileile fimbo niliyomchapia. Hatua yangu ya mwisho haikufika nusu ya ile ya kwanza. Nikachukua reki, nikafuta, nikapanda tena nikiwa nimejiapiza kwamba sitavuta hatamu hata kidogo. Nikaangalia: vilevile. Nikafuta, nikarudia. Mara nne, Baba. Mara zote nne mikono hii ilivuta na mimi mwenyewe naapa sikuisikia ikivuta.

Nikaketi juu ya gogo. Karani akaja akaanza kuinusa kofia yangu, taratibu, kama kawaida yake. Na hapo likanijia jambo ambalo sitaki kusema nilikuwa nimelisahau, maana si kweli. Nilikuwa nimelifunika. Sasa ninalifunua kwako, na nakuomba, hata ukitaka kuichana karatasi hii, usome kwanza ufike chini.

Karani hakugoma siku ya mashindano. Aliliona lile gogo la saba, akalisoma, akalikubali. Nilihisi mgongo wake ukijikusanya chini yangu kama anavyofanya akishakubali. Mimi ndiye niliyetazama chini. Niliuona weusi wa handaki chini ya gogo, mwili ukanikatalia, nikavuta kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa ameshainua miguu ya mbele. Akajaribu kunitii akiwa hewani. Ndiyo maana magoti yake yaligonga gogo, ndiyo maana aliumia, na mimi nikaruka juu ya shingo yake. Mwamuzi wa kizuizi alipokuja mbio kuuliza kimetokea nini, nilimwambia farasi amegoma. Halafu, mbele ya watu wote, nilimchapa fimbo tatu. Damu ilikuwa inamtoka magotini. Aliinamisha kichwa tu.

Je, nilijua kwamba nasema uongo? Hapa ndipo ninapopotea. Wakati ule nilijua na sikujua. Jioni nilipokusimulia wewe, maneno yalishakuwa mepesi. Mama akaniambia umewasimulia rafiki zako kwamba binti yako ameanguka, amesimama, amemrudi farasi wake palepale bila kutetemeka. Nilifurahi ukinisifu. Kila ulipoisimulia nami nilizidi kuiamini, mpaka nikaanza kutafuta ugonjwa kwenye meno ya farasi.

Nilikwenda kwa Tajiri siku hiyohiyo kabla ujasiri haujaniishia. Alikuwa anapaka buti zake dawa ya viatu kwenye kibaraza cha ofisi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakukasirika, na nilitamani akasirike, ningejua pa kushika. Alimaliza buti moja, akaiweka chini, akaniuliza jambo moja tu.

"Sasa nimuuze nani?"

Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani. Aliinuka akaenda kuwasalimia farasi. Kesho yake asubuhi, kwenye ubao wa kazi, nilikuta ameandika kwa chaki: Karani, mkunga. Mbele ya jina langu: wanafunzi wapya, pamoja na Bibi. Hakuna maelezo. Karani haendi kwenye mchanga, hilo amelisema wazi, na mwezi ujao mkunga atashiriki naye mashindano madogo ya wanaoanza. Mimi sishiriki. Wenzangu hawajui wanipe pongezi au pole, nami siwezi kuwasaidia kuchagua. Ninafundisha watu sita sasa, wote waoga, na wanaendelea vizuri kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Jioni narudi chumbani nikijiuliza kama nimepandishwa au nimeshushwa.

Mkunga nilimwomba msamaha. Alisema nisijali, miaka thelathini ametukanwa na wanawake wenye uchungu, tena kwa ustadi kunizidi. Kisha nikamwomba jambo lililonishinda kulitamka mpaka mara ya tatu: anifundishe. Alicheka mabega yakatikisika, alipoona sicheki akanyamaza, akasema tuanzie mti uliolala chini.

Kwa hiyo kwa wiki tatu mimi, niliyezaliwa nyuma ya zizi, nimekuwa nikivuka miti iliyolala chini huku mwanamke asiyeweza kushusha visigino vyake akinisimamia. Hanifundishi kupanda. Ananisikiliza tu. Ananitaka nihesabu kwa sauti tangu ninapogeuka kulielekea gogo, kwa sababu, anasema, mtu hawezi kuhesabu kwa sauti na kuzuia pumzi kwa pamoja. Kwanza nilihesabu juu ya Bibi, kisha juu ya Karani. Ikifika tatu sauti inakatika, anasikia, ananirudisha. Kizuizi hakipandi mpaka nimekivuka mara tatu na sauti yangu nzima. Sheria yangu mwenyewe, nilimweleza mimi.

Alhamisi iliyopita tulifika kwenye handaki lenye gogo juu yake, lile tulilolijenga uwandani kwa kufananisha na la saba. Yeye alisimama kando. Nilianza kuhesabu mbali sana, kumi na mbili, kumi na moja, mkono mmoja umekamata mkanda wa shingo. Nilipofika tatu ilitoka sauti kama ya bawaba isiyotiwa mafuta, lakini ilitoka. Mbili. Moja. Karani akajikusanya, na safari hii nikamwachia. Sikumbuki tulivyokuwa hewani. Nakumbuka kutua, na masikio yake mawili mbele yangu, yametulia, tayari yanasoma kitu kingine.

Ungedhani nilishangilia. Nilishuka, nikakaa kwenye majani, nikaogopa kuliko siku niliyoanguka. Nikaomba nirudie. Tukaruka tena. Mara ya tatu, nikiwa bado mbali, nilihisi mwili unaanza kukataa, nikamgeuza Karani taratibu, mapema, kabla hajaanza kujiandaa, tukapita kando. Hakushtuka hata kidogo. Nilimwambia mkunga kwamba nimeshindwa. Akasema hapana, leo umemwambia kwa wakati. Sijui kama hiyo ni faraja au ni ukweli. Nilidhani woga ukitoka unatoka, kama jino. Huu wangu haujatoka, umeketi palepale, tofauti ni kwamba sasa nausikia ukifika. Je, huko ndiko kupona? Karani amepona. Mimi sina hakika neno langu ni lipi.

Na ndiyo sababu nakuandikia wewe, Baba, si mtu mwingine. Kuna jambo nimelizungukazunguka kwa kurasa zote hizi. Nilipokuwa na miaka tisa wewe uliacha kuruka. Nakumbuka uliingia ndani mchana, ukavua buti, ukaziweka juu ya kabati, ukamwambia Mama ni mgongo. Hukuruka tena. Ulifundisha, ulipanda mwendo wa kutembea, lakini kizuizi chochote ulipita kando, na ukiulizwa ni mgongo. Hatukuhoji. Lakini miezi miwili baadaye nilivunjika kifundo cha mguu kwenye mtaro wa shule, na hakukuwa na gari, ukanibeba mgongoni kutoka shuleni mpaka zahanati. Ni mwendo wa saa nzima, na kule mwisho ni kilima. Hukunishusha hata mara moja. Uliniimbia njia nzima.

Kama ulikuwa mgongo kweli, nisamehe kwa kuuliza, na uniambie hivyo, nitakuamini. Kama haukuwa mgongo, basi niandikie ulikuwa nini. Usinipigie simu.

Msalimie Mama sana, na mdogo wangu, mwambie viatu alivyoomba nimevipata, nitampa mtu anayekuja huko avilete. Wasalimie na rafiki zako wa pale kibarazani. Ukitaka kuwasimulia ya Karani, wasimulie kama nilivyoandika humu.

Nabaki mimi mwanao akupendaye,

Chiriku